GOFU NI NINI? KIWANJA CHAKE NI EKARI NGAPI?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo waliokutana Raskazone, Tanga. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

 

Najua wengi mmetoka mbali. Wengine mmepanda gari alfajiri huko Mkinga, Muheza na Pangani. Leo hatumo darasani. Tumekaa kivulini hapa Raskazone na upepo wa bahari unatupiga. Basi tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Asiyeelewa aninyoshee mkono, nitarudia.

Leo nina neno moja tu. Neno hilo ni gofu. Mtasema, "Mwalimu, tumetoka kote huko kuja kusikia neno moja?" Ndiyo, neno moja. Neno moja katika karatasi linaweza kumpa mtu shamba, na linaweza kumwondoa shambani. Sikilizeni kisa hiki.

MAMA ALIYEULIZA

Siku moja nilikwenda katika kijiji kimoja cha pwani kukagua kisomo. Nilipofika nilikuta mkutano wa kijiji. Wageni walikuwa wamekuja na karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Karatasi ilisema kwamba wageni wanaomba ardhi ya kujenga hoteli na "kiwanja cha gofu cha matundu 18."

Karatasi ilisomwa haraka haraka. Vijana wakapiga makofi. Wao walisikia neno kiwanja, basi. Wakadhani wataletewa kiwanja kizuri cha mpira, chenye magoli ya chuma na nyavu mpya.

Mzee mmoja hakupiga makofi. Yeye alisikia neno gofu. Kijijini kwao lipo gofu la msikiti wa kale, na kando yake yapo makaburi. Akafikiri wageni wanataka kuyavunja makaburi ya babu zake. Akaanza kutetemeka kwa hasira.

Wengine walisikia matundu 18. Nyote mnajua sisi huku tunahesabu vyoo kwa matundu. Basi wakaambiana, "Alhamdulillahi, shule yetu itapata choo cha matundu 18."

Watu wakaambiwa wanyoshe mikono kukubali. Ndipo mama mmoja akasimama. Umri wake kama miaka hamsini. Alikuwa amejua kusoma juzi juzi tu. Akasema, "Naomba karatasi hiyo niisome mwenyewe." Akapewa. Akaisoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Alipofika kwenye neno gofu akasimama. Akauliza, "Gofu ni nini? Na kiwanja hicho ni ekari ngapi?"

Watu wakacheka. Lakini hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mwenyekiti hakujua. Mtendaji hakujua. Mimi afisa elimu, mwenye cheti cha ualimu, nilijua kidogo tu, na nikaona haya. Mgeni mmoja akasema, "Mama, ni mchezo tu." Mama akajibu, "Mchezo nimesikia. Nimeuliza ekari."

Mkutano ukaahirishwa. Mimi nikarudi mjini nikatafuta vitabu, nikasoma. Haya ninayowaambia leo ndiyo niliyoyapata.

GOFU ZIKO NGAPI?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu gofu ni jengo lililobomoka, likabaki kuta tupu. Mkienda kusini ya mji wa Tanga, kwa njia ya Pangani, mtafika Tongoni. Pale yapo magofu ya msikiti wa kale, na makaburi yenye nguzo. Hilo ni gofu la kwanza.

Gofu la pili ni mtu aliyekonda sana kwa maradhi au njaa. Tunasema, "Maskini, amebaki gofu la mtu."

Gofu la tatu liko hapa hapa mjini. Watu wa Tanga mnaijua mitaa ya Gofu Juu na Gofu Chini. Ukimwambia dereva "Nipeleke Gofu," hatakupeleka kwenye magofu wala mchezoni. Atakupeleka mtaani.

Gofu la nne ni mchezo wa kupiga kimpira kidogo kwa fimbo. Neno hili ni la mkopo. Limetoka kwa Waingereza, nasi tukalimalizia kwa sauti yetu ili litamkike. Ndivyo tulivyopata benchi, blanketi na betri. Halina udugu na lile gofu la kuta zilizobomoka. Yameandikwa sawa, maana mbalimbali.

Sasa tazameni neno kiwanja. Kuna kiwanja cha kujengea nyumba. Kuna kiwanja cha mpira. Kuna kiwanja cha ndege. Vyote ni viwanja, lakini je, ni sawa kwa ukubwa? Hata kidogo. Kwa hiyo neno kiwanja peke yake halikuambii ukubwa. Ni lazima uulize ni kiwanja cha nini, tena ni ekari ngapi.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo wa gofu unachezwa hivi. Mchezaji ana kimpira kigumu, kidogo kama ndimu. Uzito wake hauzidi gramu 46. Ana mfuko wenye fimbo za namna nyingi. Kwa sheria ya mchezo haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Nyingine ni za kupiga mbali, nyingine za kupiga karibu.

Huko mbali amechimbiwa kishimo kidogo ardhini. Upana wake ni sentimeta 10 na kitu, kama mdomo wa kopo. Juu ya kishimo kuna mti wa bendera ili kionekane. Kazi ya mchezaji ni kuupiga mpira mpaka uingie kishimoni. Akimaliza hapo anakwenda kuanza kishimo cha pili, halafu cha tatu, mpaka vyote viishe.

Mshindi ni nani? Katika mpira wa miguu mwenye magoli mengi ndiye mshindi. Katika gofu ni kinyume. Aliyepiga mapigo machache kumaliza vishimo vyote ndiye mshindi.

MATUNDU 18 SI VISHIMO 18

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tegeni masikio. Wacheza gofu wanaposema tundu moja, hawana maana ya kile kishimo peke yake. Wana maana ya njia nzima, kuanzia pale mpira unapoanzwa kupigwa mpaka kishimoni.

Njia hiyo ina sehemu zake. Mwanzo pana mahali palipotengenezwa tambarare, na hapo ndipo mpira wa kwanza unapopigwa. Kisha inakuja njia pana ya majani yaliyofyekwa. Kulia na kushoto yameachwa majani marefu na miti, na mpira ukiingia humo ni taabu kuutoa. Hapa na pale yamechimbwa mabonde ya mchanga, au yamewekwa madimbwi ya maji, ili kumtega mchezaji. Mwisho pana majani mafupi mno, laini kama zulia. Hapo ndipo kilipo kishimo na bendera yake.

Njia moja fupi ina urefu wa mita 100 au 150. Njia ndefu inapita mita 500. Sasa weka njia kama hizo 18. Ukizitembea zote umekwenda kilometa 6 au zaidi, na mchezo mmoja unachukua kama saa nne.

Basi kiwanja cha matundu 18 ni ekari ngapi? Kwa kawaida ni kati ya ekari 120 na 200. Tulinganishe na kitu tunachokijua. Kiwanja kikubwa cha mpira wa miguu hakifiki ekari mbili. Kwa hiyo kiwanja cha gofu cha ekari 150 ni sawa na viwanja vya mpira zaidi ya 80.

Mnaona sasa? Vijana wale walipiga makofi wakidhani wanapata kiwanja kimoja cha mpira. Kumbe walikuwa wanatoa viwanja 80.

Vipo pia viwanja vidogo vya matundu 9. Hivyo huchukua kama nusu ya eneo hilo. Wachezaji wakitaka kutimiza 18 huvizunguka mara mbili.

MCHEZO HUU ULITOKA WAPI?

Gofu tunayoijua leo ilikulia Uskoti, upande wa kaskazini wa nchi ya Uingereza. Ni mchezo wa zamani sana. Mwaka 1457 bunge la Uskoti liliupiga marufuku pamoja na mpira wa miguu. Sababu ilikuwa nini? Vijana walikuwa wanacheza badala ya kufanya mazoezi ya upinde na mshale kwa ajili ya vita. Lakini mchezo haukufa.

Wazee wa mji wa St Andrews walicheza kando ya bahari, katika ardhi ya mchanga yenye majani mafupi. Ardhi hiyo ilikuwa baina ya mashamba na pwani. Haikufaa kulimwa, ilifaa kulisha kondoo. Kwa hiyo mwanzoni gofu haikumwondoa mkulima. Ilichezwa mahali pasipolimwa. Pale St Andrews yalikuwako matundu 22. Mwaka 1764 wakayapunguza yakawa 18, na baadaye dunia nzima ikafuata hesabu hiyo.

Waingereza walipokuja kututawala walikuja na mchezo wao. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, na kiwanja chake kiko kando ya bahari. Kule Unguja Waingereza walicheza gofu Mnazi Mmoja. Viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki havikuwa na majani laini kuzunguka kishimo, kwa kuwa maji yalikuwa haba. Walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashine, wakaushindilia.

Katika enzi hizo klabu nyingi zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kufyeka majani au kubeba mfuko wa fimbo. Wabebaji hao wanaitwa makedi. Mambo hayo yamebadilika. Watoto wengi wa makedi, na makedi wenyewe, wamekuwa wachezaji wazuri. Dar es Salaam kiko kiwanja cha Lugalo, ambacho ni cha jeshi letu. Arusha, Moshi na Morogoro pia viwanja vipo. Na mama zangu, msidhani ni mchezo wa wanaume tu. Mtanzania mwenzenu Madina Iddi ameshinda mashindano ya gofu ya wanawake mpaka nchi za nje.

Hata mwezini gofu imefika. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Shepard alipiga mipira miwili huko juu. Lakini mwezini hakuna mwenye shamba. Huku kwetu wapo.

JINA LINAVYOTUMIKA

Jambo jingine la kujua ni kwamba jina la gofu hutumika hata pasipo na mchezo. Nairobi upo mtaa wa nyumba unaoitwa Golf Course, maana yake kiwanja cha gofu. Watu wanaishi humo, wanapika na kulea watoto. Jina limetokana na kiwanja kilicho jirani. Kampala iko hoteli yenye jina kama hilo.

Wafanyabiashara wanalipenda jina hili kwa sababu linanukia fedha. Nyumba inayotazama kiwanja cha gofu huuzwa kwa bei kubwa. Kwa hiyo mtu akiomba ardhi ya gofu, huenda anataka kiwanja cha kuchezea. Huenda pia anataka kujenga nyumba za kuuza kando ya kiwanja hicho. Hilo si kosa. Kosa ni kulificha. Karatasi na iseme wazi: sehemu ya mchezo ni ekari ngapi, sehemu ya nyumba ni ekari ngapi.

MAJI

Majani laini kama zulia hayaoti kwa kuombewa. Yanataka maji kila siku wakati wa kiangazi. Katika nchi kavu, kiwanja kimoja cha matundu 18 huweza kunywa hata lita milioni moja kwa siku. Hizo ni ndoo 50,000 za lita 20. Mama aliyewahi kupanga foleni kisimani anaijua ndoo moja ilivyo nzito.

Tena majani hayo hutiwa mbolea na dawa za kuua wadudu. Mvua ikinyesha dawa huweza kuteremka kisimani au baharini kwenye samaki. Viko viwanja vinavyotumia maji machafu yaliyosafishwa, na vinavyopima dawa zao vizuri. Kwa hiyo usikatae kwa hofu, na usikubali kwa kupiga makofi. Uliza.

SHERIA INASEMAJE?

Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hii inaeleza namna ardhi ya kijiji inavyoweza kuhamishwa ikawa ardhi ya jumla, kwa mfano kwa ajili ya mwekezaji. Ikiwa eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Hekta 250 ni zaidi ya ekari 600. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyatazama mapendekezo ya mkutano huo.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Kiwanja cha gofu cha ekari 150 kiko chini ya hekta 250. Kwa hiyo uamuzi wa kukubali au kukataa uko mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Na mkutano mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na zaidi. Si mwenyekiti peke yake. Si mtendaji. Si wanaume tu. Ni wewe.

Sheria hiyo hiyo inasema ardhi isihamishwe mpaka watu wakubaliane kuhusu fidia: ni ya namna gani, kiasi gani, italipwa vipi na lini.

Kwa sisi wa pwani iko sheria nyingine, ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wavuvi likumbukeni hilo. Njia ya kwenda dikoni ikizibwa, hata ngalawa nzuri haina kazi.

MASWALI YA KUULIZA

Ukiletewa karatasi ya namna hii, usione haya. Simama uulize:

1. Ni ekari ngapi, na mipaka yake ni ipi? Ramani iko wapi?
2. Katika eneo hilo kuna mashamba ya nani, minazi ya nani, makaburi ya nani?
3. Maji yatatoka wapi? Kisima chetu kitabaki salama?
4. Njia ya kwenda baharini, kisimani na shuleni itabaki wazi?
5. Kazi ni ngapi, za namna gani, na mshahara ni kiasi gani?
6. Fidia ni kiasi gani, na italipwa lini?
7. Mradi ukishindwa, ardhi itarudi kwa nani?

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano. Jibu la mdomo linachukuliwa na upepo kama huu tunaoupata hapa.

MAMA YULE ALIFIKA WAPI?

Mtaniuliza, kijiji kile kiliamua nini? Walikutana mara ya pili. Safari hii wageni walitaja ekari: 150. Ukumbi ukawa kimya. Kijana mmoja, ambaye mara ya kwanza alipiga makofi, akahesabu kwa vidole. Akakuta shamba la baba yake limo ndani. Njia ya kwenda dikoni nayo imo.

Hawakukataa. Hawakukubali pia. Wapo waliosema kazi za hotelini zitawafaa vijana, na hao wana haki ya kusema hivyo. Wapo waliosema minazi haipandwi leo ikavunwa kesho, na hao nao wana haki. Wakakubaliana jambo moja: wageni walete ramani, na majibu ya maji na fidia yaandikwe. Nilipopita mara ya mwisho ramani ilikuwa haijaja. Mama yule ameitunza nakala ya karatasi ndani ya kitabu chake cha kisomo. Chini ya neno gofu amepiga mstari kwa kalamu ya risasi. Pembeni ameandika kwa mkono wake: "ekari 150."

Ndugu zangu, wengi mlijifunza kusoma ili muweze kuandika jina, kusoma barua ya mtoto, au kusoma maandishi ya basi. Hayo ni mazuri. Lakini kusoma ni pamoja na kusimama kwenye neno usilolijua na kuuliza. Yule mama hakujua gofu ni nini. Alijua tu kwamba hajui, na hakunyosha mkono kabla ya kujua.

 

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja maana nne za neno gofu.
2. Kwa nini matundu 18 ya gofu si sawa na vishimo 18?
3. Kiwanja cha mpira cha kijiji chenu ni ekari ngapi? Nendeni mkakipime kwa hatua.
4. Nani ana haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu wa kijiji chenu?
5. Andikeni maneno matatu mliyoyaona katika karatasi au matangazo na hamkuyaelewa. Yaleteni kwa mwalimu wa kisomo.